Muuza barafu hataki noti zangu

SWALI: Shikamoo Mama Keshia. Nanunua samaki kwa wavuvi wa Msangamkuu nauza mjini Mtwara. Ninapochukua barafu wamebandika karatasi: hawapokei pesa mkononi, ni lipa namba tu. Wateja wangu wananilipa noti na sarafu, kwa hiyo kila alfajiri nahangaika kutafuta wakala aniwekee kwenye simu. Akiwa hajafungua, au floti imemwishia, samaki wananilegea kwenye ndoo. Hivi wana haki ya kukataa pesa ya nchi?
Mama wa samaki, Shangani

JIBU: Marahaba mwanangu. Nimezeekea dirishani benki nikihesabu noti zenye magamba ya samaki, kwa hiyo unajua niko upande gani.

Sheria ya Benki Kuu ya mwaka 2006 inazitambua noti na sarafu zetu kuwa fedha halali ya malipo. Nguvu ya maneno hayo, kwa ninavyoelewa, iko hasa penye deni. Ukikopeshwa barafu bila sharti lolote, ukaja Ijumaa na noti zako kamili, atakuwa na kazi kudai hujalipa. Lakini huyo kabandika sharti lake mlangoni kabla hajakupimia. Hamjauziana bado, na anaweza kusema hauzi.

Wenzetu wameliona pengo hilo. Norway, tangu tarehe 1 Oktoba 2024, mwenye duka lenye mhudumu lazima apokee pesa taslimu za mnunuzi wa kawaida, mpaka krona 20,000. (Wewe wa barafu ya biashara huenda usingeingia, usianze kufunga mizigo.) Uingereza wameshika upande mwingine: tangu Septemba 2024 benki kubwa zinatakiwa kupima kama watu bado wanapata mahali pa kutoa na kuweka pesa zinapofunga matawi. Muuza duka hakulazimishwa kuzipokea. Kwangu hiyo ni nusu ya kazi: nitoe noti, halafu nimpe nani?

Na sisi wa kusini tusihitaji kuhubiriwa. Mei 2024 kimbunga Hidaya kilipita, barabara ikakatika Somanga, tukatenganishwa na Dar es Salaam. Hatujakaa sawa, tarehe 12 nyaya za intaneti za chini ya bahari zikaharibika. Programu ya benki kwenye simu yangu ikawa inazunguka tu. Unga nilinunua kwa noti zilizokuwa kabatini.

Sasa barafu yako. Nakisia mwenye mali hashindi pale, kaweka vijana, na anaogopa pesa zikiishia mifukoni mwao. Ni hofu ya haki. Lipa namba inamwonyesha kila shilingi akiwa kwake. Basi usiende kugombana naye kwa sheria. Kusanyaneni wachuuzi watatu wanne mumwendee mchana, vijana wakiwa wamepumzika. Mwambieni aweke kitabu cha risiti chenye namba na kisanduku cha kufuli, ufunguo abaki nao yeye. Nyinyi mtaleta pesa kamili, asihangaike na chenji. Akigoma, aruhusu mlipe jana yake mchana, wakala akiwa na floti, alfajiri mchukue barafu tu.

Na kabla hamjaondoka muulizeni: mtandao ukikata alfajiri na barafu inayeyuka, atamuuzia nani? Niandikie alivyojibu.