Usiichemshe pete hiyo, dada yangu wa Lindi

Zima jiko kwanza, ndipo usome. Umeandika kwamba pete uliyorithi kwa marehemu mama yako ina tanzanite katikati na almasi ndogo nne pembeni, kwamba imefifia kwa mafuta ya nazi na unga, na kwamba kabla ya harusi ya Jumamosi unakusudia kuichemsha na magadi kwa robo saa, kisha kuitumbukiza katika maji baridi yenye dawa ya klorini ili ing'ae. Nimeusoma mpango huo huku moyo ukinienda mbio, kwa sababu ndivyo nilivyofanya mimi hapa Mtwara, hatua kwa hatua, isipokuwa hiyo klorini.

Pete yangu ilinunuliwa Arusha mwaka 2009, mume wangu alipokuwa akifanya kazi huko. Niliivaa miaka minane bila kuivua, nikikuna nazi nayo, nikikanda unga wa maandazi nayo, nikiwapaka watoto mafuta nayo, mpaka jiwe likaota utando kama jicho lenye mtoto wa jicho. Nikampelekea sonara mmoja wa hapa mjini, nikamuuliza atanisafishia kwa kiasi gani. Akacheka, akaniambia nisipoteze fedha yangu: "Mama, tanzanite yenyewe hupikwa motoni mpaka ipate rangi ya bluu, itaiogopaje sufuria yako?"

Kilichoniponza ni kwamba nusu ya maneno yake ilikuwa kweli. Tanzanite nyingi hutoka ardhini kule Mererani zikiwa na rangi ya kahawia, na hupashwa moto mkali, wa nyuzi mia kadhaa, ndipo bluu ile ijitokeze. Lakini moto huo hupandishwa taratibu na kushushwa taratibu, na mtu anayeifanya kazi hiyo anajua anachokifanya. Tanzanite huvunjwa na badiliko la ghafla, kutoka joto kwenda baridi au kutoka baridi kwenda joto, na hilo ndilo sonara yule alilolinyamazia, ama kwa kutolijua, ama kwa kutonijali. Mtu anayekaa nyuma ya meza ya vito, watu wakimkabidhi kumbukumbu za wazazi wao, hana ruhusa ya kutolijua jambo hilo.

Niliichemsha. Niliitoa kwa kijiko cha chai, mvuke ukiwa bado unafuka, nikaiangushia katika bakuli la maji ya mtungi. Nilisikia mlio mmoja mdogo, kama ukucha unaogonga kioo, wala sikudhani umetoka kwenye jiwe. Nilipoikausha na kuipeleka dirishani, mstari mweupe, mwembamba kama unywele wa kichanga, ulikuwa umelikatiza jiwe kutoka ukingo hadi ukingo, na kila nilipoizungusha pete, bluu ya upande huu haikuungana tena na bluu ya upande ule. Niliporudi kwa sonara, aliliangalia kwa lenzi yake kwa muda mfupi, akasema jiwe lilikuwa na kasoro tangu mwanzo. Miaka minane jikoni halikupasuka, likaja kupasuka siku niliyofuata ushauri wake!

Sonara mwingine, mzee, ndiye aliyenifafanulia baadaye kwamba tanzanite ina mkondo mmoja wa kupasukia, kama kuni inavyopasuka kwa kufuata nyuzi zake, kwa hiyo ufa ukishaanza hauna cha kuuzuia. Haugandishwi, wala hauondoki kwa kusugua. Jiwe ni la kubadilisha, na mimi sikuwa na fedha ya kulibadilisha, wala jiwe jingine lisingekuwa lile alilolichagua mume wangu.

Tangu hapo ninashika kanuni moja tu, nami nakusihi uishike: tia kiwiko chako katika maji, kama unavyofanya kabla ya kumwogesha mtoto mchanga, na maji usiyoweza kumwogeshea mtoto usiyatie kito. Chukua bakuli mbili za maji ya vuguvugu yenye joto sawa. Katika moja tia matone machache ya sabuni ya kuoshea vyombo, weka pete humo kwa dakika 20, kisha isugue taratibu kwa mswaki laini wa mtoto, hasa kwa nyuma, chini ya jiwe, kwa sababu huko ndiko mafuta ya nazi yanakojificha. Almasi zako zitarudi kung'aa zenyewe, maana ugumu wake ni 10, kiwango cha juu kabisa katika kipimo cha ugumu wa mawe, ila hunasa mafuta kuliko mawe mengi. Suuza katika bakuli ya pili, si juu ya tundu la sinki, na kausha kwa kipande cha kanga kuukuu.

Usiifute pete ikiwa kavu na ina vumbi. Mchanga wetu huu wa pwani umejaa chembe za madini ya kwazi (quartz), yenye ugumu wa 7 katika kipimo hichohicho, nayo tanzanite haizidi 7, kwa hiyo kitambaa chenye vumbi huikwaruza. Kwa sababu hiyohiyo usiihifadhi katika kisanduku kimoja na vito vingine. Ifunge peke yake.

Klorini nayo iweke mbali kabisa. Dhahabu ya pete huchanganywa na metali nyingine kama shaba, na klorini huila michanganyiko hiyo, vijino vinavyoshika mawe vikadhoofika bila wewe kuona, halafu siku moja almasi ikadondoka ukiwa sokoni. Mtu akikupa mashine ya kusafishia vito, ya mtetemo au ya mvuke, ikatae pia kwa ajili ya tanzanite, na hata kama pete ingekuwa ya zumaridi ningekwambia hivyohivyo, kwa kuwa zumaridi nyingi hujazwa mafuta katika nyufa zake na joto huyatoa. Lulu hata usiiloweke. Ipanguse kwa kitambaa chenye unyevu, basi.

Na kama umenisoma umechelewa, pete iko sufuriani na maji yanatokota, usiitoe. Zima moto, usiongeze maji baridi, usipulize, usiweke sufuria dirishani penye upepo wa bahari. Iache humo ipoe pamoja na maji yake hadi kesho asubuhi, ndipo utie kiwiko.