Kongamano la hotelini au kozi ya siku 5? Jibu kwa nesi mwenye watoto wa mtindio wa ubongo

SWALI: Mimi ni nesi kituo cha afya, nipo kliniki ya mama na mtoto. Tuna watoto kadhaa wenye mtindio wa ubongo (cerebral palsy), tunawaonyesha mama zao mazoezi lakini wengi hawarudi. Mwaka huu imepatikana hela ya mafunzo ya mtu mmoja. Kuna kongamano la siku 2 Dar kuhusu afya ya mtoto na ulemavu, na kuna kozi ya vitendo ya siku 5. Niende wapi, nitajuaje kama kozi yenyewe ni nzuri, na nikirudi naanzia wapi?

JIBU: Sista, nenda kozi. Ila usilipe kwanza, omba ratiba, yaani ratiba kamili ya saa kwa saa sio lile tangazo lenye picha za wawezeshaji wamevaa suti, halafu angalia kitu kimoja tu: kuna siku mama na mtoto wake wanakuwepo mule ndani na wewe unamshika huyo mtoto kwa mikono yako? Kama siku zote 5 ni slaidi na kazi za makundi, hiyo sio kozi ya vitendo, ni kongamano refu, bora hata hilo la Dar.

Nakwambia hivyo kwa sababu kuwahudumia hawa watoto ni stadi ya mikono yako. Chukua kulisha, ambako ndiko nyumbani kunakotesa kuliko kote. Mama amempakata mtoto, mtoto kalala chali kwenye mkono wa kushoto, kichwa kimeanguka nyuma, uji unamwagwa mdomoni kutoka juu, mtoto anakakamaa, anakohoa, mwingine unatokea puani, na mama anazidi kuharakisha maana ana watoto wengine na jua linazama. Kichwa kikiwa nyuma namna ile njia ya hewa haiwezi kujifunga vizuri wakati wa kumeza, uji unapitiliza humo, ndio unaona hawa watoto nimonia haziishi na uzito haupandi. Sasa mkalishe wima, nyonga na magoti yamekunjwa, mkono wako umemshika nyuma ya mabega, kidevu kimeinama kidogo kuelekea kifuani, kijiko kije kutoka mbele usawa wa mdomo, uji uwe mzito wa kukaa kwenye kijiko, gusa ulimi kidogo, subiri ameze ndio ulete kingine. Kusoma hapa ni dakika moja. Kumfanyia mtoto anayekakamaa ni kitu kingine kabisa, na hicho ndicho unachoenda kulipia.

Kitu cha pili cha kukagua ni nani anafanya kazi kwenye hayo mazoezi, mtaalamu au mtoto. Kuna kozi za bei mbaya bado zinauza stadi ya mtaalamu kumkunja na kumnyoosha mtoto wakati mtoto mwenyewe katulia tu kama mgonjwa wa masaji. Mwaka 2013 Iona Novak na wenzake wa Australia walipitia tafiti za tiba za mtindio wa ubongo wakazipanga kwa rangi za taa za barabarani, na zilizopata kijani kwa upande wa mazoezi ni zile ambazo mtoto mwenyewe anajituma kufanya jambo lenye maana kwake, mfano kufikia kikombe, na yale ya kuendelezwa nyumbani. Ule mtindo wa zamani wa Bobath wa mtaalamu kumfanyia mtoto haukupita. Kwahiyo ukiona ratiba nzima ni mikono ya mtaalamu na hakuna mahali nyumbani panatajwa, achana nayo hata kama mwezeshaji katoka Ulaya.

Hapo nakuja kwenye hilo la kutorudi. Jiweke kwenye nafasi ya yule mama. Kabeba mtoto wa miaka 6 mgongoni, kalipa bodaboda, kakaa kwenye foleni na wamama wenye vichanga vilivyonona wanamwangalia, kafika kwako kaonyeshwa mazoezi ya dakika 10 kaambiwa arudie mara tatu kwa siku, hakuna aliyemuuliza analala vipi wala baba yupo wapi. Mimi pia nisingerudi. Ndio maana mafunzo ninayoyaamini kwa ngazi yako ni yale ya vikundi vya wazazi, hasa mwongozo wa Ubuntu wa chuo cha London School of Hygiene & Tropical Medicine, unapakuliwa bure, umepangwa kwa moduli: kumbeba na kumkalisha, kulisha, mawasiliano, kucheza, kazi za kila siku, mpaka namna ya kukabiliana na maneno ya mtaani. Na mmoja wa wanaoendesha kikundi anaweza kuwa mzazi mwenye mtoto wa namna hiyo, hapo ndipo utamu ulipo, maana mama akiambiwa na mama mwenzie kwamba hukurogwa na hukukosea kitu anaelewa kuliko akiambiwa na mimi na koti langu jeupe. Uganda wana programu ya namna hiyo ya watoto wadogo kabisa, chini ya miaka 2, inaitwa Baby Ubuntu. Ukipata kozi ya kukuandaa kuendesha vikundi hivyo, nenda bila kufikiria mara mbili.

WHO nao wana mafunzo ya walezi wa watoto wenye uchelewaji wa ukuaji, pamoja na usonji, kwa umri wa miaka 2 mpaka 9, yana vikao 9 vya kikundi na ziara 3 za nyumbani, Kenya ni kati ya nchi yalipojaribiwa. Kuna toleo la mtandaoni la bure kwahiyo usitumie hela ya kituo kwa hilo, soma mwenyewe usiku kwa bando lako.

Kongamano silidharau. Faida yake ipo kwenye korido wakati wa chai, pale unapata namba ya mtu wa hospitali ya CCBRT ya Dar au KCMC ya Moshi atakayepokea simu ukiwa na mtoto wa rufaa, na hilo utalihitaji, maana watoto wasioweza kutembea, wale wa ngazi ya 4 na 5 kwenye kipimo cha GMFCS cha uwezo wa kujongea (5 ndio mbaya zaidi), nyonga zao zinaweza kuteguka taratibu bila kelele, wanahitaji eksirei za kufuatilia ambazo kituoni kwako huna. Kiti cha magurudumu pia sio cha kugawa tu kwenye sherehe, mtoto asiyeshika shingo anahitaji kiti alichopimiwa na mtu aliyefundishwa, na TATCOT, chuo cha mafundi wa viungo bandia na vifaa saidizi pale Moshi, ndio wamekuwa wakifundisha hao mafundi. Ila mganga mfawidhi au mtu wa halmashauri ndio angefaa kwenda Dar, kama hela ingekuwepo ya watu wawili.

Sasa kurudi, na hapa ndipo semina nyingi hufia. Hospitali ya Haydom, hapa hapa kwetu Tanzania, waliwafundisha watumishi kwa siku moja kusaidia kichanga asiyepumua. Matokeo yalitoka 2013: kwenye mwanasesere watumishi walifanya vizuri, chumba cha kujifungulia mambo yakabaki vile vile. Baadaye wakaanza mazoezi mafupi ya dakika chache, ya mara kwa mara, pale pale kazini, na kwenye utafiti wa 2015 vifo vya vichanga ndani ya saa 24 vikawa vimepungua. Kwahiyo ukirudi usiandae ile "mrejesho wa semina" ya saa mbili yenye soda. Omba dakika 5 baada ya ripoti ya asubuhi, kila wiki, leo mnakalisha mwanasesere wa nguo, wiki ijayo kijiko, mpaka hata yule wa mapokezi ajue.

Kwa wazazi anza na jamvi moja, siku isiyo ya chanjo ili msigombanie kivuli, na mada ya kwanza iwe kulisha, sababu matokeo yanaonekana mapema, mtoto anapunguza kukohoa, analala, na mama anakuja tena bila kubembelezwa. Waje na uji wao na kijiko chao cha nyumbani. Usiahidi nauli kama hujui itatoka wapi kikundi kikifika mwezi wake wa tatu. Na umtafute mapema yule mama ambaye mtoto wake kanenepa, kila kituo kina mmoja, huyo ndio mwenyekiti wako.

Mwisho cheti. Kama unakihitaji kwa pointi za CPD (mafunzo endelevu ya kazini) za leseni, muulize mwandaaji kabla ya kutuma hela kama kozi inatambuliwa na Baraza la Uuguzi na Ukunga, na akujibu kwa maandishi, maana kozi ikishaisha simu za hawa watu huwa hazipatikani.