Ukitaka kuanza na filamu za Bulgaria, anza na za hela

Watu wanaojua ninavyopenda filamu za Ulaya Mashariki huniuliza waanzie wapi na Bulgaria. Orodha nyingi za mtandaoni zitakupeleka moja kwa moja kwenye filamu za miaka ya 1960 na 1970, na mgeni akishatazama moja anasinzia, habari imeishia hapo. Ushauri wangu ni tofauti: anza na filamu zinazohusu madeni, makato na utapeli. Hizo mtazamaji wa Dar hahitaji kuelezwa chochote.

Ya kwanza iwe Urotsite na Blaga (2023) ya Stephan Komandarev. Blaga ni mwalimu mstaafu wa miaka 70 mjini Shumen, amefiwa na mume juzijuzi, na amedunduliza hela za kaburi. Simu inaita. Anayepiga anajifanya polisi, anamkataza kukata simu, anamharakisha, anamtisha, hadi bibi wa watu anarusha mfuko wa hela kutoka balkoni. Sisi tuliozoea meseji za "ile hela tuma kwenye namba hii" tunadhani mchezo huu tunaujua, lakini tukio limevutwa kiasi kwamba utajikuta unaifokea skrini. Eli Skorcheva, aliyekaa mbali na filamu kwa takriban miaka 30, alirudi kumwigiza Blaga na kupata tuzo ya mwigizaji bora wa kike kwenye tamasha la filamu la Karlovy Vary, nchini Ucheki, ambako filamu yenyewe ilibeba tuzo kuu. Nilichokipenda zaidi ni kwamba Komandarev hamwachi Blaga abaki mtu wa kuhurumiwa tu. Naishia hapo. Itazame na wazazi wako, itakupunguzia kazi ya kuwahubiria kuhusu matapeli wa simu.

Ukimaliza, nenda kwa Kristina Grozeva na Petar Valchanov, wanaoongoza filamu wakiwa wawili na kuokota visa vyao kwenye habari za kawaida. Urok (2014) inamhusu mwalimu anayemsaka mwizi darasani huku benki ikitaka kuipiga mnada nyumba yake. Slava (2016) ndiyo kipenzi changu. Tsanko, fundi wa reli mwenye kigugumizi, anakuta hela zimemwagika relini na anaita polisi. Wizara inamwandalia sherehe. Ofisa habari anamvua saa yake ya zamani, aliyopewa na baba yake, ili waziri amvishe mpya mbele ya kamera. Saa mpya inagoma, ya zamani ofisa kaipoteza. Kuanzia hapo Tsanko anadai saa yake, na kila mlango anaobisha ni njoo kesho. Kama umewahi kufuatilia faili kwenye ofisi ya umma, utacheka kwa uchungu.

Usitarajie kuzikuta kibanda umiza zikiwa zimetafsiriwa na ma-DJ. Ni kusoma maandishi ya chini, basi. Unapozitafuta, tumia jina la mwongozaji, kwa sababu filamu moja ina jina la Kibulgaria na jina jingine la nje (Slava inauzwa kama Glory), na hata tahajia ya majina ya watu hubadilika, maana wenyewe wanaandika kwa herufi za Kisirili. Halafu angalia vichwa: Mbulgaria akikubali hutikisa kichwa huku na huku, akikataa hukiinua juu. Usipolijua hilo utadhani maandishi yamekosewa.

Kwa wapenzi wa tamthilia, ipo Pod prikritie ya televisheni ya taifa, BNT, misimu mitano kuanzia 2011. Polisi Martin anajipenyeza kwenye genge la Dzharo. Vipindi vingine vinajivuta, nakiri, lakini Mihail Bilalov anayemwigiza Dzharo anaongea taratibu kiasi cha kutisha kuliko wote wanaobeba bastola.

Zile za zamani zije baadaye. Ukifika huko chagua Kozijat rog (1972) ya Metodi Andonov: mchunga mbuzi wa karne ya 17, zama za utawala wa Waosmani (Waturuki), mkewe anabakwa na kuuawa, naye anamlea binti yao kama mvulana ili aje kulipiza kisasi. Maneno ni machache mno, kwa hiyo simu iweke mbali. Na watoto wakiwa sebuleni, usiiwashe.