Ukiwafundisha watu wa kifungo cha nje kutuliza mawazo, usiwaambie wafunge macho

Huu ni mwaka wa tatu sasa naenda mara mbili kwa mwezi kukaa na watu walio chini ya probesheni hapa Mombasa, yaani kifungo cha nje, ambapo mtu anaishi nyumbani lakini anaripoti kwa afisa wa probesheni, nawafundisha vitu vidogo vidogo vya kupunguza stresi, na kwa vile kuna watu wa Kilifi na Voi wananipigia wanataka kuanza kwao, nimeona niandike.

Nianze na kosa langu. Siku ya kwanza nilibeba mikeka, nikaweka sauti ya mto kwa simu, nikafunga mlango nikawaambia walale chali wafunge macho. Hazikupita dakika mbili kijana mmoja akainuka akatoka. Nikamfuata, akaniambia, "Ticha, mimi nimekaa rumande miezi saba. Huko ukifunga macho unaamka huna viatu, na hiyo ni siku nzuri." Nilikosa la kusema, maana nilikuwa namlazimisha afanye kitu ambacho mwili wake umejifunza kukiogopa, tena mbele ya watu. Tangu siku hiyo macho yako wazi, mlango uko wazi, viti tunavipanga kila mtu auone huo mlango, na anayetaka kusimama anasimama tu, haulizwi.

Halafu ujue kinachowakosesha usingizi ni nini. Kenya amri ya probesheni huwa ya miezi 6 hadi miaka 3, na muda wote huo mtu akivunja masharti anaweza kurudishwa kortini akahukumiwa kwa lile kosa la kwanza. Sasa fikiria mtu wa kibarua, siku ya kuripoti hapati kazi, nauli ameikopa, jioni hakuna unga, mwenye nyumba naye anabisha, na akikosa kuja anaona jela. Wewe umwite tena siku nyingine aje ajifunze kutulia? Umemwongezea mzigo! Sisi tunafanya siku ileile ya kuripoti, palepale kwenye benchi wanapongoja zamu, dakika 20, chai na mkate vipo. Sichukui majina, na asiyetaka haandikwi popote. Tena mwombe afisa asikae nanyi. Maafisa wengi ni watu wazuri na kazi imewalemea, lakini akiwa pale kila mtu atakwambia yuko sawa.

Neno stresi lenyewe mimi silitumii sana. Wao wanasema wana mawazo, moyo unaenda mbio, kichwa kinagonga, usingizi hauji. Anzia hapo.

Kitu ninachofundisha kwanza ni pumzi ya mkono, kwa sababu unaweza kuifanya kwenye foleni na hakuna atakayejua. Unafungua kiganja cha kushoto, kidole cha shahada cha kulia kinapanda taratibu ubavuni mwa kidole gumba huku unavuta pumzi kwa pua hadi nne, ukifika ncha unashuka upande wa pili huku unatoa, hadi sita. Unahamia kidole kinachofuata, mpaka vyote vitano viishe. Kutoa ndiko kuwe kurefu, kwa sababu ukitoa pumzi polepole mapigo ya moyo yanapungua, ukivuta kwa nguvu unazidisha. Mtu akiona kizunguzungu aache, apumue kawaida. Kuna mama mmoja alishikwa na chang'aa, siku hizi anauza mahamri, aliniambia yeye hana mkono wa bure saa kumi na moja alfajiri kwa hivyo anahesabu na mpini wa kusukumia, nne akienda mbele, sita akirudi. Nimeiiba hiyo, naifundisha kwa wengine!

Ya pili ni kukaza na kulegeza, njia iliyoenezwa na daktari mmoja wa Chicago, Edmund Jacobson, tangu miaka ya 1920. Yeye alikuwa anawalaza wagonjwa, mimi nafanya tumekaa. Kunja vidole vya miguu ndani ya ndara, kaza hesabu tano, achia. Ngumi, kaza, achia. Mabega yapandishe hadi masikioni, achia. Wanaume wanaipenda hii kuliko ya pumzi, hasa wale wa kesi za kupigana, kwa vile wanajifunza kuisikia ngumi ikijikunja kabla haijarushwa.

Lakini tafadhali jua mipaka yako. Mtu aliyekuwa anakunywa kila siku akaacha ghafla, ukaona anatetemeka, anatoka jasho, anaona vitu, hiyo si stresi na pumzi haitamsaidia, anaweza kupata kifafa, mpeleke hospitali siku hiyohiyo. Vilevile anayekwambia hataki kuishi, usimwache arudi nyumbani peke yake.

Na usiwaache wiki za mwisho. Nilidhani mtu akikaribia kumaliza anatulia, kumbe ndio anaharibikiwa, anaota amerudishwa ndani, anagombana na kila mtu nyumbani. Wiki hizo hatujifunzi kitu kipya. Tunafanya mazoezi ya mlango: anasimama nje ya ofisi, mkono mfukoni, kidole gumba kinahesabu vidole vingine, anatoa pumzi ndefu tatu, ndipo anabisha hodi.