Adui kaonekana kidogo tu, mbona tunamsifia?

SWALI: Habari za kazi ndugu mjibu maswali. Mimi na kaka yangu tumebishana wiki nzima kuhusu Shane, ile muvi ya kaoboi ya mwaka 1953. Mimi nasema Jack Palance, yule anayecheza muuaji wa kukodiwa, Wilson, ndio adui bora niliyewahi kumwona. Kaka anasema huyo jamaa anakuja muvi imeshaenda mbali, anaongea maneno ya kuhesabu halafu anapigwa risasi, sasa unamsifia kwa kazi gani? Yeye kwake ni Henry Fonda kwenye Once Upon a Time in the West, maana yule unamwona mwanzo mpaka mwisho. Tuamulie tafadhali, na utuambie adui anatakiwa aonekane dakika ngapi ili tuseme kacheza.

JIBU: Kwa Palance niko na wewe kabisa. Mwambie kaka airudie ile sini ya kwenye tope kabla hamjaendelea kubishana, ile ambayo Torrey, yule mkulima mbishi, anakuja mjini na barabara yote imelowa. Wilson yuko juu kwenye baraza la mbao, pakavu, Torrey yuko chini anahangaika kutembea. Sasa mwangalie Palance anavyovaa glovu nyeusi, bila haraka yoyote, na sauti hapandishi hata anapomtukana mwenzake. Torrey anaenda kutoa bastola, Wilson ameshatoa yake, na uigizaji wenyewe uko hapo, maana hafyatui. Anasubiri. Torrey anajua kwamba amekwisha, na sisi tunajua, halafu ndio risasi inalia na yule bwana anarushwa nyuma kwenye tope. Huko kusubiri ni sekunde chache mno lakini mimi kila nikirudia naona mtu anayeifurahia kazi yake, na hakuna neno hata moja aliloambiwa aseme hapo.

Kwa hiyo dakika sikupi, kwa sababu hazipo. Kitu ninachotaka mkiangalie nyie wawili ni kingine, kuna kazi anayofanya muigizaji na kuna kazi ambayo muvi inamfanyia, na watu wengi tunazichanganya hizi mbili halafu tunagombana bure. Kwenye hiyo hiyo Shane, Wilson akiingia baa kuna mbwa amelala, anainuka na kuondoka zake. Inatisha, ni nzuri sana, lakini hiyo sio ya Palance, hiyo ni ya dairekta George Stevens. Sini ya glovu ndio ya Palance, na ndio maana aliteuliwa kugombea Oscar ya muigizaji msaidizi.

Mfano ambao nautumia siku zote ni High Noon ya mwaka 1952. Muvi nzima ni kama dakika 85 na karibu yote ni watu wanamuogopa Frank Miller, jambazi anayerudi na treni ya saa sita mchana. Rafiki zake watatu wako stesheni wanamsubiri, jaji anakunja bendera anakimbia mji, kuna kiti kitupu ambacho Miller alikaa siku alipohukumiwa na kamera inakionyesha hicho kiti, na honi ya treni ikilia tunarudishwa tena kwenye kiti kile kile. Mpaka hapo uso wa Miller hatujauona! Sasa nikikuuliza Miller anatisha, utasema ndio, anatisha sana. Nikikuuliza muigizaji wake, Ian MacDonald, kacheza vipi, inabidi ufikirie, maana akishashuka kwenye treni kilichobaki ni kufyatuliana risasi tu, kazi yote imeshafanywa na kiti na saa ya ukutani na jasho la Gary Cooper, anayecheza mlinzi wa sheria wa mji. Hapo kaka yako angekuwa na hoja. Adui mkubwa, uigizaji wa kawaida.

Na Fonda? Kaka hajakosea kumpenda, kakosea sababu. Fonda hatishi kwa kuwa yupo muda mrefu, anatisha tangu sini yake ya kwanza, pale familia imeshapigwa risasi shambani na kamera inazunguka taratibu mpaka tunauona uso wake, mbele yake mtoto mdogo. Watazamaji wa 1968 walimzoea huyu bwana akicheza watu waadilifu miaka na miaka. Yeye mwenyewe alikuja kwenye shutingi amefuga masharubu na amevaa lenzi za kufanya macho yawe ya kahawia, akidhani ndio sura ya jambazi inavyotakiwa, na dairekta Sergio Leone akamwambia aviondoe vyote, aliyataka macho yale yale ya bluu ambayo watu wanayaamini. Zile saa zinazofuata zinampa Fonda nafasi ya kutuonyesha Frank, yule adui anayemcheza, anayetaka kuwa mfanyabiashara na hawezi, na hilo analicheza vizuri, lakini woga wetu alishauchukua mapema.

SWALI: Kwenye Unforgiven ya 1992, Gene Hackman ni sherifu, analinda mji, anakataza silaha. Je, nimhesabu kama adui au ni mtu anayefanya kazi yake?

JIBU: Mhesabu, na huyu ndiye anayestahili kila dakika aliyopewa, Oscar ya muigizaji msaidizi aliichukua kwa haki. Muda mrefu huwa unamuua adui, ukimzoea humuogopi tena, ila Hackman anautumia kinyume, kadiri unavyomzoea ndivyo unavyozidi kukosa amani kwa sababu Little Bill, yule sherifu wake, ni mcheshi, anapenda stori, unaweza kukaa naye jioni nzima, na ni huyo huyo aliyempiga English Bob, mpiga bastola aliyekuja mjini, mateke barabarani mbele ya mji mzima na baadaye akamchapa Ned, rafiki wa shujaa wa muvi, mpaka akafa. Hakuna mahali anabadilisha uso kutuambia sasa nakuwa mbaya. Angalia ile nyumba anayoijenga kwa mikono yake. Hajui useremala, mvua ikinyesha inavuja kila kona, anaweka vyombo chini kukinga maji na bado anajivunia. Halafu mwisho, amelala sakafuni bunduki iko usoni kwake, anasema hastahili kufa hivi, alikuwa anajenga nyumba. Hackman anaisema kwa mshangao wa kweli, kama mtu aliyeonewa, na mimi mpaka leo nikifika hapo namuonea huruma kidogo, halafu namkumbuka Ned.