"Haina Loki" Ni Loki Ipi? Kabla Hujanunua Simu ya Mtumba ya Marekani

Malipo ya korosho yakianza kuingia kwenye akaunti za watu, maduka ya simu hapa Mtwara mjini yanajaa. Nyingi zinazopangwa kwenye vioo wakati huo ni mitumba: Pixel, Samsung na Motorola zilizotumika Marekani miaka miwili mitatu, zikapita Dubai, zikashuka Kariakoo, kisha zikapakiwa kwenye basi la kusini. Sina ugomvi na biashara hiyo. Simu ninayotumia mwenyewe ni mtumba, na kwa pesa ileile ningepata mpya yenye kamera ya kuchekesha.

Makala hii siyo ya wote. Mtu anayetaka WhatsApp, TikTok na kupiga simu anunue tu, atafurahi. Naandika kwa ajili ya kile kikundi kidogo kisichoweza kukaa na simu kama ilivyotoka kiwandani: vijana wa vyuo, mafundi chipukizi, na wale wanaokesha wakisoma namna ya kuweka LineageOS au GrapheneOS, yaani matoleo huru ya Android yanayochukua nafasi ya ile ya kiwandani. Ninyi ndio mnaoumia, kwa sababu dukani mnauliza swali moja tu, "ina loki?", na muuzaji anajibu kwa moyo mweupe kabisa: "Haina mjomba, weka laini yoyote." Hajakudanganya. Amejibu kuhusu loki nyingine.

Loki anayoisema ni ya laini, ile inayokataa mtandao usiokuwa wa kampuni iliyoiuza. Hiyo kwa simu nyingi inakuwa imeshaondolewa kabla haijafika Kariakoo. Kule Marekani kuna hata sheria yake, iliyosainiwa na Rais Obama Agosti 2014, iliyorudisha ruhusa ya mteja kufungua simu yake ili aitumie kwenye mtandao mwingine. Kuna pia loki ya akaunti ya Google, inayodai barua pepe ya mwenye simu wa zamani baada ya kuiformati. Hiyo kila fundi anaijua, na muuzaji mwenye akili hawezi kukuonyesha simu yenye nayo.

Ya tatu ndiyo yetu: butiloda.

Ukibonyeza kitufe cha kuwasha, kabla hujaona nembo yoyote, kuna programu ndogo inayoamka kwanza, ndiyo butiloda, na kukagua kila kinachotaka kuwaka baada yake. Inatazama sahihi ya kidijitali ya programu endeshi na kuilinganisha na ile anayoitambua mtengenezaji. Ikilingana, simu inawaka. Isipolingana, haiwaki. Kukagua kwenyewe kunaanzia ndani ya chipu, kwenye kumbukumbu iliyochomwa kiwandani isiyofutika. Ndiyo maana boksi la fundi linaloweza kuflash (kuandika upya programu) simu za kila aina linagonga mwamba hapa. Fundi anaweza kufungua kava la nyuma, akashikanisha nukta mbili kwa kibanio, kompyuta ikaiona simu kupitia mlango wa dharura wa Qualcomm, na bado akakwama, kwa kuwa hata huko chipu inadai faili lenye sahihi ya mtengenezaji.

Kwenye Pixel iliyouzwa na Google yenyewe, mlango huu una ufunguo na mwenye simu anapewa. Unaingia kwenye mipangilio, unagonga Build number mara 7 mpaka menyu ya Developer options itokee, humo unawasha kitufe kilichoandikwa OEM unlocking, unachomeka kwenye kompyuta, unaandika fastboot flashing unlock, basi. Ila Pixel zinazouzwa na kampuni za simu za Marekani huandikwa alama ya kampuni hiyo kiwandani, kwenye sehemu ya kumbukumbu isiyoguswa na kuformati. Android ikiiona alama hiyo, inakizima kitufe. Zile za T-Mobile na AT&T kwa kawaida kitufe hufunguka laini ikishafunguliwa. Za Verizon hazifunguki kwa njia rasmi, tangu Pixel ya kwanza ya 2016. Mwaka uleule wataalamu walipata kitundu, wakatoa programu iliyoitwa dePixel8, watu wakashangilia. Haukupita muda kikazibwa.

Sasa shika hapa, kwa sababu hapa ndipo pesa inapookolewa.

Usiulize. Pima, na upime kabla hujalipa. Washa hotspot kwenye simu yako, iunganishe ile ya dukani, kwa sababu hata simu safi hukionyesha kitufe kikiwa kijivu mpaka iulize seva za Google. Subiri dakika chache, kisha ingia kwenye OEM unlocking. Kikiwa hai, kiwashe, na usikilize lolote lingine. Kikiwa kijivu, chini yake pana maandishi madogo yanayokutaka uunganishe intaneti au uwasiliane na mtandao wako. Unagonga, hakitikisiki. Unagonga tena kwa kidole kingine, kana kwamba kidole ndicho chenye kosa. Mwombe muuzaji aiformati mbele yako, unganisha tena, jaribu tena. Kikibaki kijivu, mrudishie simu yake kwa adabu na uende duka la pili.

Wauzaji hawalipendi zoezi hili. Mmoja wa Chikongola, hapahapa mjini, aliniuliza, "Kaka, unanunua simu au unakagua kontena bandarini?" Nikamjibu yote mawili. Tulicheka, akaniachia, na siku hizi ananiita nimpimie mzigo ukifika, maana ameona kuna wateja wanaoongeza pesa kwa ile inayofunguka.

Wasiliana na mtandao wako, inasema. Yaani nipige simu kutoka Mtwara kwa kampuni ambayo sijawahi kuwa mteja wake, ambayo mnara wake wa karibu uko ng'ambo ya Atlantiki, niombe ruhusa ya kutumia kitu nilichokilipia taslimu. Mteja wao wa kwanza alishamaliza mkataba wake, akaiuza, akaisahau. Simu imeuzwa mara tatu au nne tangu hapo. Bado inamtii yule wa kwanza. Hili ndilo linaloniudhi, si loki yenyewe. Loki ina kazi: mwizi akikunyang'anya simu stendi, loki ya butiloda ndiyo inayomzuia kupandikiza programu yake juu ya yako. Nisilolielewa ni kwa nini ufunguo ubaki kwa mtu mwingine.

Hasara inaonekana simu ikizeeka. Chukua Pixel 3 ya mwaka 2018, iliyoahidiwa miaka mitatu ya masasisho. Miaka hiyo imekwisha zamani. Yenye butiloda inayofunguka iliendelea kupata matoleo mapya ya Android kupitia LineageOS. Ya Verizon, kioo kilekile na chipu ileile, imebaki palepale Google ilipoiacha.

Samsung nazo zina hesabu yake. Angalia namba ya modeli: Galaxy S21 ikiandikwa SM-G991U ni ya mitandao ya Marekani, na ikiwa na U1 ni ile ya Marekani iliyouzwa bila mtandao. Wengi hudhani U1 ni salama. Kwa laini, ndiyo. Kwa butiloda zote mbili zimefungwa. Ya kimataifa, SM-G991B, ilikuwa inafunguka, ila ukiifungua kuna fyuzi ya Knox, mfumo wa ulinzi wa Samsung, inayoungua ndani na hairudi tena, hivyo Secure Folder, ile folda ya siri, unaiaga moja kwa moja. Na kuanzia One UI 8, toleo la programu ya Samsung la mwaka 2025, Samsung imekiondoa kitufe chenyewe, kwa hiyo usikimbilie Samsung mpya kwa shughuli hii. Huawei waliacha kutoa namba za siri za kufungulia butiloda mwaka 2018. LG walifunga biashara ya simu 2021 na tovuti yao ya kufungulia ikafuata. Motorola bado wanatoa namba hizo kwa modeli kadhaa, lakini nyingi za mitandao ya Marekani zimetengwa.

Hapohapo dukani bonyeza *#06#, itatokea IMEI, namba ya utambulisho ya simu; itume kwenda 15090 uone kama simu ni halali. Ni jambo la dakika moja, na tangu TCRA, mamlaka ya mawasiliano Tanzania, walipozima simu feki Juni 2016 hakuna kisingizio cha kulisahau.

Kuhusu wale wa Telegram wanaoahidi kufungua butiloda yoyote kwa kutumia IMEI tu: hapana. Alinijia mwalimu mmoja kutoka Tandahimba, mtu mzima, mstaarabu, ameshatuma hela kwa mmoja wao. Alinionyesha picha walizokuwa wakimtumia: mstari wa kijani umefika asilimia 60, kesho yake 80, keshokutwa wanadai ada ya seva ili ufike 100. "Fundi, hebu niambie ukweli, nimalizie?" Nikamwambia, "Shikamoo mwalimu, na hiyo iliyobaki kanunulie chaki." IMEI ni namba ya utambulisho. Kuijua hakumpi mtu yeyote nguvu ya kubadilisha kilichochomwa kwenye chipu iliyomo mfukoni mwako. Mara mojamoja wataalamu wa kweli hupata kitundu kwenye modeli fulani, kwenye toleo fulani la programu. Kikitokea hutangazwa hadharani na watu hukijadili wiki nzima, kwa kawaida bure. Hakikufuati inbox.

Haya, tuseme umeipata inayofunguka. Jua kwamba kufungua kunafuta kila kitu, picha na meseji zote, kwa hiyo hifadhi kwanza. Tumia laptop yenye betri, maana umeme ukikatika katikati ya kuflash utalia, na kebo iliyotulia, siyo ile unayoishikilia kwa pembe ndiyo ichaji. Faili la LineageOS linaweza kufika GB 1, la kiwandani la Pixel zaidi ya hapo, basi panga bando lako la usiku. Usirudi nyuma kwenye toleo la zamani bila kusoma, kwani baadhi ya simu zina ulinzi dhidi ya kushusha toleo na zinaweza kugeuka tofali, yaani zisiwake tena.

Halafu kuna app za benki. Google ina kipimo kinachoitwa Play Integrity, kinachokagua kama programu ya simu haijachezewa, na app nyingi za benki hukiuliza kabla ya kufunguka. Butiloda ikiwa wazi, jibu linaweza kuwa hapana. Menyu ya M-Pesa ya *150*00# na wenzake haihusiki na kipimo hicho, kwa hiyo kutuma na kupokea pesa hakusimami. Lakini kama riziki yako iko kwenye app ya benki, weka simu ya pili kwa kazi hiyo au acha butiloda ifungwe. Mimi nina simu mbili na sioni aibu.

Na kama tayari unayo iliyofungwa, usiitupe. Bila kuigusa butiloda, bila kuroot (kujipa mamlaka yote ya mfumo), unaweza kuwasha USB debugging, ukachomeka kwenye kompyuta yenye adb, programu ya kuiamrisha simu kwa kebo, na kuziondoa app za mtandao wa Marekani zinazokula betri na bando kwa amri ya pm uninstall --user 0 ikifuatwa na jina la kifurushi. Zinaondoka kwako, zinabaki zimelala kwenye mfumo, na ukiformati zinarudi. Anza na zile zenye jina la kampuni ya simu, usiguse usilolijua. Pixel iliyosafishwa hivyo inapumua.

Siku ukiiuza, andika kwenye tangazo kwamba butiloda haifunguki. Bei haitashuka sana, maana wanunuzi wengi hapa hawaijui wala hawaihitaji, na yule mmoja anayeihitaji atakushukuru kwa kumpunguzia nauli ya kuja kuiangalia.