Usiikate programu ya country katikati kwa ajili ya DJ

Usimlipe DJ huyo arbuni kabla ya kusoma haya. Umeeleza kwamba mnaandaa siku ya muziki wa country, ule wa Kimarekani wa gitaa na fidla, mjini Eldoret, kwamba promota wenu amewashauri kumweka DJ wa amapiano na gengetone, midundo ya vijana ya Afrika Kusini na ya hapa Kenya, kati ya bendi mbili za jioni ili vijana wajae, na unauliza kama mashabiki wa country watachukia, kiingilio kiwe shilingi ngapi, na kama uwanja wa shule unafaa. Hapa nitajibu la mashabiki tu, kwa sababu mkilikosea hilo hakutakuwa na mtu wa kulipa kiingilio chochote.

Nilikuwa katika kamati iliyoandaa tamasha kama hilo Nakuru, na ushauri tuliopewa ulikuwa huo huo. Promota alitueleza kwamba wapenzi wa country ni wazee waliolelewa na redio, watu wa waimbaji wa zamani kama Jim Reeves na Skeeter Davis, kwamba hawawezi kujaza uwanja peke yao, na kwamba wadhamini wanataka kuona vijana kwenye picha. Kamati ikakubali. Ilipofika saa mbili na nusu usiku, bendi ya kwanza ilikuwa imekolea. Mpiga gitaa la kulazwa, lile linalolia kwa kipande cha chuma kinachotelezeshwa juu ya nyuzi, alikuwa katikati ya wimbo wa taratibu, na mbele ya jukwaa kina mama waliovaa buti na kofia za kauboi walikuwa wamejipanga safu, wakigeuka pamoja na kupiga kisigino pamoja. Mshereheshaji akapanda na kuikatiza bendi, kwani zamu ya DJ ilikuwa imewadia. Besi iliingia kabla mpiga gitaa hajachomoa waya wake. Wale kina mama walitazamana, wakatawanyika, na safu hiyo haikujipanga tena usiku ule.

Hakuna aliyezomea, na ukimya huo ndio uliowadanganya wenzangu katika kamati wakadhani mambo yanakwenda vizuri. Familia zilizokuwa zimeketi nyuma zikaanza kukunja mablanketi, nyingine zikiacha nyama waliyokwisha kuilipia ikiwa bado jikoni. Vijana walikuja kweli, wakacheza kwa furaha, na sina kinyongo nao hata kidogo. Lakini walikuja kwa ajili ya DJ, na alipomaliza waliondoka naye kwenda klabu mjini. Bendi ya pili, iliyokuwa imesafiri kutoka Nairobi, ikapanda jukwaani mbele ya viti vitupu. Isitoshe, fundi wa sauti alikuwa amebadilisha mitambo yote kumfuata DJ na hakupewa muda wa kuirudisha, kwa hiyo fidla ilizama chini ya ngoma na mwimbaji akawa anapiga kelele badala ya kuimba. Tulirudisha viingilio kwa M-Pesa kwa wote waliodai. Hata hivyo, pigo kubwa lilikuja mwaka uliofuata, tulipotangaza tamasha jingine lisilo na DJ na watu wale wale wakatujibu kwamba hawatuamini tena. Shabiki wa country hupanga safari yake mapema, huja na mke au mume, huja na watoto, hununua chakula na hukaa hadi wimbo wa mwisho. Ukimpoteza huyo, umepoteza meza nzima.

Kinachoniuma hadi leo ni hoja ambayo promota yule aliitumia kutunyamazisha: kwamba hata Marekani kwenyewe wanachanganya. Alitutajia Stagecoach, tamasha kubwa la country linalofanyika Indio, California, tangu 2007. Ni kweli kwamba bango la Stagecoach la 2025 liliwaweka wasanii wa pop na rap kama Backstreet Boys, Nelly na Lana Del Rey pamoja na nyota wa country Zach Bryan, Jelly Roll na Luke Combs. Ni kweli pia kwamba mashabiki wengi hulalamika kila bango la namna hiyo linapotoka. Alichotuficha ni mpangilio. Pale kuna majukwaa kadhaa. DJ Diplo ana upande wake wa kucheza uitwao Honkytonk, na hema la Palomino huwa na maonyesho ya usiku baada ya nyota wa jukwaa kuu kumaliza kazi. Mtu asiyetaka besi hubaki alipo au hurudi kambini akiwa ameshiba alichokifuata. Promota aliyejua hayo yote, kisha akatuuzia nusu ya habari katika uwanja wenye jukwaa moja na seti moja ya spika, alitudhulumu, na sitaacha kusema hivyo kila nitakapoona kamati nyingine ikielekezwa njia hiyo.

Tazama pia yaliyotokea kwenye tamasha hilo hilo Aprili 2024. Eric Church, ambaye ni mtu wa country hasa na kipenzi cha umati ule, alipanda na kwaya, akapiga nyimbo za kanisani na kuzichanganya na nyimbo za watu wengine, hadi za Snoop Dogg. Wako waliosifu ujasiri wake, lakini sehemu ya umati iliondoka akiwa bado anaimba. Usiku uliofuata akapanda Post Malone, aliyejijengea jina katika rap, akaimba nyimbo za country za wengine pamoja na wakongwe kama Dwight Yoakam, na watu wakampokea kama ndugu yao. Mashabiki wetu ni hivyo hivyo: hawaulizi mwimbaji ametoka wapi, wanauliza kama jioni waliyoahidiwa bado ipo.

Nasisitiza hili kwa sababu wako watu wanaojificha nyuma ya neno usafi, wakitaka muziki wa country usiguswe na mgeni yeyote. James Brown, mwimbaji mweusi wa soul, alipoalikwa na nyota wa country Porter Wagoner kuimba Grand Ole Opry, onyesho maarufu la country mjini Nashville, mwaka 1979, wako wanamuziki wa mji huo waliopinga waziwazi, na siwezi kuwatetea. Banjo yenyewe asili yake ni Afrika, Ray Charles, mwimbaji mwingine mweusi wa soul, aliimba albamu nzima ya country mwaka 1962, na wazazi wetu wengi hapa Kenya waliupenda muziki huu kwa sauti ya Charley Pride, Mmarekani mweusi, kama walivyoupenda kwa sauti ya Dolly Parton, mzungu. Mwimbaji wa mugithi, muziki wa Kikuyu wa gitaa moja, akipanda na gitaa lake moja na kuchanganya wimbo wa Kenny Rogers na wa Kikuyu, hakuna kofia itakayoondoka uwanjani, kwa maana wimbo unaendelea na safu inaendelea kucheza. Hamlazimiki kufunga mlango.

Kwa hiyo kanuni ninayoishikilia ni moja tu: mgeni apewe saa yake baada ya bendi zote za country kumaliza, na ikiwezekana apewe kona yake na spika zake. Bendi ya mwisho ishuke saa nne na nusu, fundi apewe nusu saa ya kubadilisha mitambo, wenye watoto waondoke kwa utulivu, kisha DJ aanze saa tano na vijana walipie kiingilio chao cha usiku. Zungumza na viongozi wa bendi zote mbili wewe mwenyewe, usimtume promota, na uwahakikishie kwamba hakuna atakayekatizwa. Saa zote hizo ziandikwe kwenye bango kwa herufi kubwa sawa na majina ya wasanii, ili anayenunua tiketi Kapsabet au Iten ajue ananunua nini. Promota akikataa saa hizo kuandikwa, mnyime arbuni na utafute mwingine wiki hii hii, muda ungalipo.